Umeme wa Gari Lililozimwa

Gari la petroli la mwaka 1905 likizimwa, limezimwa kweli. Taa zake za mbele zilikuwa za gesi ya asetilini, iliyopatikana kwa kudondoshea maji kwenye mawe ya kabaidi. Za nyuma zilikuwa za mafuta ya taa, na honi ilikuwa mpira wa kubinya. Cheche ya kulipua petroli mara nyingi ilitoka kwenye magneto, kifaa kinachozalisha umeme pale tu injini inapozunguka. Mwenye gari angeweza kuliacha chini ya mti wiki nzima, akarudi, akapiga hendeli, likawaka. Likikataa, basi lilikataa kwa sababu nyingine, si kwa sababu kuna mtu alisahau redio.

Si kwamba betri ilikuwa haijagunduliwa. Mfaransa Gaston Planté alitengeneza betri ya risasi na asidi mwaka 1859, na mwaka 1881 mwenzake Camille Faure akaiboresha kwa kupaka mabamba ya risasi ute wa oksidi ili yabebe chaji zaidi. Betri za aina hiyo ndizo zilizoendesha magari ya umeme, ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa jambo la kawaida katika miji ya Marekani. Gari la petroli ndilo lililokuwa halijapata sababu ya kubeba mzigo huo wa risasi. Sababu ililetwa na hendeli.

Hendeli ilikuwa chuma cha kuingiza mbele ya gari na kukizungusha kwa nguvu za mkono hadi injini ishike. Injini ikiwahi kulipua kabla ya wakati wake, chuma kile kilirudi nyuma kwa kishindo na kuvunja kifundo cha mkono, au taya la aliyeinama. Huko Detroit husimuliwa habari za Byron Carter, mtengenezaji wa magari, aliyesimama kumsaidia mwanamke ambaye gari lake lilikuwa limezimika kwenye daraja la kisiwa cha Belle Isle. Hendeli ikampiga usoni, na baadaye akafa. Wanahistoria wamebishania vipande vya simulizi hiyo, lakini kifo cha Carter mwaka 1908 hakina ubishi, na rafiki yake Henry Leland, mkuu wa Cadillac, alitaka hendeli iondoke kwenye magari yake. Akampelekea kazi hiyo Charles Kettering wa Dayton, Ohio.

Kettering hakuwa mtu wa magari. Alikuwa ametoka kwenye kiwanda cha mashine za kuhesabia pesa za dukani, na huko alibuni mota ndogo ya kufungua droo na kusukuma mitambo ya mashine hizo badala ya mkono wa karani. Wahandisi wengi waliamini kwamba mota ya kuzungusha injini ya gari ingelazimika kuwa na ukubwa unaokaribia injini yenyewe. Yeye alikuwa amejifunza kwenye mashine zile jambo jingine: mota ndogo inaweza kutwishwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wake, mradi isidumu nao. Sekunde chache zinaivumilia. Dakika chache zingeiunguza. Mwaka 1911 kifaa chake, selfu, kilifungwa kwenye Cadillac, na magari ya mwaka 1912 yakauzwa nacho. Mashine ileile iliyozungusha injini iligeuzwa na injini ikawa dainamo, ikarudishia betri kile ilichokopa. Na kwa kuwa betri sasa ipo, taa za umeme zikaingia pia, na kabaidi ikaanza kuaga.

Hapa panahitaji hesabu kidogo, maana mabishano yote yaliyofuata yanatokana nayo. Selfu ya gari dogo la leo huvuta ampia 150 au zaidi. Lakini huvuta kwa sekunde tatu tu. Ampia 150 kwa sekunde 3 ni kama moja ya nane ya ampia-saa, wakati betri ya kawaida ya gari dogo hubeba ampia-saa 45 hivi. Kwa maneno mengine, kuwasha gari hakuli hata sehemu moja ya mia ya akiba. Kompyuta mpakato inayovuta ampia 5 humaliza kiasi hichohicho kwa dakika moja na nusu.

Kwa hiyo betri ya gari iliundwa kwa ajili ya mshtuko, na mpaka leo ndivyo ilivyo. Ukiipasua utakuta mabamba mengi membamba yenye vitundu, yaliyopangwa hivyo ili asidi iguse eneo kubwa na umeme mwingi utoke kwa mkupuo. Mabamba membamba hayapendi kukamuliwa taratibu hadi chini. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia, huonyesha volti 12.6 au 12.7; ikishuka hadi 12.2 imebakiwa na nusu. Ikifika 12 ipo karibu na mkia. Ikiachwa katika hali hiyo, salfeti ya risasi huganda juu ya mabamba na kuwa ngumu, na sehemu ya uwezo wake hairudi tena hata ukiichaji usiku kucha. Fundi wa betri hahitaji kuambiwa haya. Husikia ukipiga selfu, ule mlio wa "tik-tik-tik" wa kifaa kinachotaka kushika na kukosa nguvu.

Mgeni wa kwanza kuja kula akiba hii alikuwa mvutaji sigara.

Katika magari ya wazi ya miaka ile, kiberiti hakikai kwenye upepo, na dereva aliyekuwa akihangaika kukinga moto kwa viganja viwili alikuwa ameachia usukani. Viwashio vya kwanza vya umeme vilikuwa na waya uliojikunja kwenye kidude kama kibiringo: unauvuta hadi mdomoni, unabonyeza, koili inawaka nyekundu, unawasha, waya unajirudisha. Mwaka 1921 Mmarekani Joshua Morris alipewa hataza ya kiwashio kisicho na waya, ambacho kichwa chake kinachomolewa kwenye tundu kikiwa kimekwisha kupata moto. Kampuni ya Casco ya Bridgeport, jimbo la Connecticut, ikajipatia jina kwa vifaa vya namna hiyo. Baadaye vikaongezwa vishikizo vya metali mbili zilizounganishwa, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti zikipata joto: vinakishika kiwashio kikiwa cha baridi, na kikiiva vinapanuka na kukiachia, springi inakirusha nje kwa sauti ya "tak".

Tazama lile tundu kwa makini siku moja, maana ubaya wake wote umeandikwa hapo. Ni kikopo cha chuma chenye upana wa milimita 21 hivi. Ukuta wake ni hasi, na katikati ya kitako chake pana kifundo cha chanya. Lilikusudiwa kushikwa na kitu kwa sekunde kumi au kumi na tano, kisha kitu hicho kitoke. Ndiyo sababu plagi tunazochomeka humo leo zina springi kwenye ncha inayozisukuma zitoke zenyewe. Gari likiingia kwenye rasta za barabarani, chaja inaruka nusu milimita na simu inalia kwamba imekatiwa umeme. Sarafu ikidumbukia humo inaunganisha ukuta na kitako, na fyuzi inakwenda. Baadhi ya Toyota za zamani zina fyuzi moja iliyoandikwa CIG & RAD, ikihudumia tundu na redio kwa pamoja, kwa hiyo sarafu moja inanyamazisha muziki pia. Hakuna mhandisi mwenye akili timamu ambaye angeombwa abuni soketi ya umeme akaleta kitu kama hicho. Hakuna aliyeombwa.

Kiwashio chenyewe kilikuwa mgeni mwenye adabu. Kilivuta ampia kumi, sawa, lakini kwa muda mfupi kiasi kwamba betri haikujua. Redio ndiyo iliyokuja na virago vyake.

Mwaka 1930 ndugu Paul na Joseph Galvin wa Chicago walikuwa na kampuni ndogo iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya kuwezesha redio za nyumbani kutumia umeme wa ukutani badala ya betri. Mauzo yalikuwa yamedorora. Wakafunga redio kwenye gari la Paul, akaendesha hadi Atlantic City kulikokuwa na mkutano wa watengenezaji wa redio, na kwa kuwa hakuwa na kibanda cha maonyesho, akaliegesha gari nje na kuiachia redio iimbe wapita njia wasikie. Redio hiyo waliipa jina la Motorola, na baadaye kampuni nzima ikachukua jina hilo. Kwa hiyo redio ya kwanza ya Motorola iliuzwa ndani ya gari lililosimama.

Redio za wakati ule zilikuwa za valvu. Valvu inahitaji umeme wa kupasha waya wake wa ndani uive, na juu ya hapo inahitaji volti nyingi sana kuliko 6 zilizokuwa kwenye betri za magari. Mwanzoni volti hizo zilitoka kwenye betri za ziada zilizofichwa chini ya sakafu. Kisha kikaja kitetemeshi, kijiti cha chuma kilichokata umeme wa betri mara nyingi kwa sekunde ili transfoma iupandishe, huku kikivuma kama nyuki. Ampia kadhaa zilikwenda kwa muziki peke yake, na dainamo ya enzi hiyo haikurudisha kitu cha maana injini ikiwa inazunguka polepole, sembuse ikiwa imezimwa. Vijana waliokaa ndani ya gari jioni wakisikiliza bendi walijifunza kuliegesha kwenye mteremko.

Mchezo huohuo ulichezwa kwa upana zaidi kwenye sinema za kutazamia garini. Richard Hollingshead alifungua ya kwanza huko Camden, New Jersey, tarehe 6 Juni 1933. Sauti ilitoka kwenye vipaza sauti vikubwa karibu na pazia, na majirani wakalalamika. Suluhisho lililodumu kwa miongo kadhaa lilikuwa kipaza sauti kidogo kinachoning'inizwa kwenye kioo cha kila gari, kikiletewa umeme na sauti kwa waya kutoka kwenye nguzo. Dar es Salaam nayo ilipata sinema yake ya namna hiyo Msasani mwaka 1966, na wakazi wa jiji waliopita umri fulani bado huliita eneo hilo Drive-In, ingawa uwanja wenyewe sasa una ubalozi wa Marekani. Ubora wa nguzo zile, ambao hakuna aliyeufikiria, ni kwamba umeme ulikuwa wa mwenye sinema. Katika miaka ya 1970 na kuendelea wenye sinema wa Marekani waliona ni rahisi kurusha sauti kwa masafa ya redio, kila mtu aisikie kupitia redio ya gari lake. Waya ukaondoka, na mzigo ukahamia kwenye betri ya mteja. Tangu hapo filamu ikiisha, mfanyakazi wa sinema huzunguka uwanjani na nyaya za kubusti magari yaliyogoma kuwaka.

Watengenezaji wa magari walikuwa wakijibu kwa njia zao. Injini kubwa zenye mgandamizo mkali za miaka ya 1950 zilikuwa ngumu kuzungushwa kwa volti 6, ndipo Cadillac, Buick na Oldsmobile wakahamia volti 12 mwaka 1953, Chevrolet mwaka 1955, na Ford mwaka 1956. Volkswagen alikokota miguu. Gari lake la Kobe (Beetle) la kuuzwa Marekani lilipata volti 12 kwa toleo la mwaka 1967. Mwaka 1960 Chrysler wakaja na Valiant iliyokuwa na altaneta badala ya dainamo, iliyowezekana kwa sababu daiodi za silikoni zilikuwa zimeshuka bei. Altaneta huchaji hata gari likiwa kwenye foleni. Miongoni mwa walioisukuma teknolojia hiyo ni Elmer Wavering wa Motorola, mtu aliyekuwa pamoja na Paul Galvin tangu siku za redio ya kwanza. Alianza kwa kuongeza njaa ya gari, akamalizia kwa kulitafutia chakula.

Na ikaja swichi. Hadi miaka ya 1940 dereva wa magari mengi alifungua umeme kwa ufunguo, kisha akabonyeza selfu kwa kitufe au kwa kukanyaga pedeli. Mwaka 1949 Chrysler waliunganisha kazi hizo mbili kwenye tundu moja la ufunguo. Ufunguo ulipokuwa na hatua zake za kuzunguka, pakapatikana nafasi ya kuweka hatua moja zaidi, ile tunayoiona imeandikwa ACC kati ya LOCK na ON.

Hatua hiyo ndogo ina busara nyingi. Katika magari ya zamani yenye platini, yaani vigusio vya kukata na kuunganisha umeme wa koili, mtu aliyetaka kusikiliza redio akaiacha swichi kwenye ON alikuwa akipeleka umeme kwenye koili ya cheche bila injini kuzunguka. Platini zikiwa zimegusana, koili inachemka, na ikichemka muda mrefu inaungua. ACC ilimpa redio, na tundu la sigara, bila kuigusa koili. Wajapani waliikumbatia sana: katika magari yao mengi tundu la dashibodi linaishi kwenye ACC na kufa ufunguo ukitoka. Wamarekani na Wajerumani kwa muda mrefu walipenda kulipeleka tundu moja kwa moja kwenye betri, liwe hai usiku na mchana, ufunguo uwepo au usiwepo. Kwa kuwa sehemu kubwa ya magari madogo ya Tanzania, Kenya na Uganda yametoka Japani yakiwa yametumika, wengi wetu tumezoea tundu linalolala na gari. Akipanda gari la Kijerumani na kuacha kifriji kimechomekwa usiku, mtu wa namna hiyo hupata somo lake asubuhi.

Tukirudi kwenye miaka ya 1940, simu nayo ilikuwa imekwisha kuingia garini. Tarehe 17 Juni 1946, huko St. Louis, ilipigwa simu ya kwanza ya huduma ya kibiashara ya simu za magari. Mtambo wake ulikuwa na uzito wa kilo 36 hivi na ulikaa kwenye buti. Huko Sweden, ambako mfumo wa simu za magari ulianza kazi mwaka 1956 kwa mitambo ya kilo 40, kuna utani kwamba gari lilikuwa na umeme wa kupiga simu mbili: ya kwanza kwa uliyemkusudia, ya pili kwa gari la kuvuta.

Lakini mitambo hiyo ilifungwa na fundi, kwa waya wake na fyuzi yake. Kilichobadilisha mambo ni vifaa vya kuchomeka. Baada ya mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 na kikomo kipya cha mwendo wa maili 55 kwa saa, madereva wa malori wa Marekani walijaza magari yao redio za kuzungumzia, wakijulishana mafuta yaliko na polisi waliko, na pamoja nazo vikaja vifaa vya kunusa rada. Mnunuzi hakutaka kumlipa fundi. Alitaka kuchomeka na kuondoka, na tundu pekee lililokuwa mbele yake ni lile la sigara. Ndipo wakafuata wafyonza vumbi, pampu za matairi, chaja za simu, vioo vya ramani. Mwishoni mwa karne ya 20 magari mengi yalianza kutoka kiwandani bila kiwashio kabisa, tundu likiwa na kifuniko cha plastiki chenye alama ya plagi na maandishi 12V 120W. Mvutaji aliondoka, akaacha chumba chake kwa wapangaji.

Wati 120 kwa volti 12 ni ampia 10, na mara nyingi fyuzi ni ya 15. Hapo ndipo inveta za sokoni zinapodanganya. Inaandikwa wati 500 ubavuni, inachomekwa kwenye tundu, mtu anaunganisha pasi, fyuzi inakatika. Akiweka fyuzi kubwa zaidi, au waya wa shaba mahali pa fyuzi kama baadhi ya mafundi wafanyavyo, unaobaki kuungua ni waya wa ndani ya dashibodi. Kinyume chake, simu haina hatia inayosingiziwa. Kujaza simu moja huchukua ampia-saa moja na nusu hivi, kiasi ambacho betri nzima haikisikii. Kinachoua betri ni kile kinachoamka pamoja na simu. Kwenye gari la ufunguo wa ACC, ili simu ipate ampia yake moja unawasha pia redio yenye kioo kikubwa, amplifaya iliyofungwa Kariakoo, na mengineyo. Toyota walilijua hilo: katika magari yao mengi ya kitufe, ukiliacha kwenye ACC likiwa limeegeshwa kwa dakika zaidi ya 20, linajizima lenyewe.

Malori yana hadithi yake. Lori kubwa lina betri mbili za volti 12 zilizofuatana kupata 24. Dereva anayelala kwenye kibanda siku tatu katika foleni ya mpaka wa Tunduma anataka redio, feni na simu, na redio aliyoinunua ni ya volti 12. Fundi mvivu huvuta waya kutoka betri moja tu. Inafanya kazi vizuri. Shida ni kwamba altaneta inazichaji mbili kwa pamoja bila kujua kwamba moja imekamuliwa na nyingine imekaa tu. Ile iliyochoka haijai kamwe, na nzima inajazwa kupita kiasi hadi maji yake yanakauka. Baada ya miezi kadhaa zimekufa zote mbili kwa maradhi yaliyo kinyume. Dawa ni kifaa kidogo cha kushusha volti 24 kuwa 12, ambacho hula kwa betri zote sawasawa. Bei yake haifikii robo ya betri moja ya lori, na bado utakuta utingo anachomeka klipu kwenye betri ya kwanza anayoifikia.

Mahali ambapo suala hili limepatiwa ufumbuzi wa kifundi kabisa Afrika Mashariki ni kwenye magari ya watalii. Land Cruiser iliyorefushwa na mafundi wa Arusha huwa na friji ya vinywaji katikati na soketi kwenye kila kiti, kwa ajili ya kamera. Serengeti dereva anazima injini akifika kwa simba au chui: kelele na moshi vinawafukuza wanyama, na mtetemo wa dizeli unaharibu picha. Anaweza kukaa hapo saa mbili wageni wakingoja chui ashuke mtini. Friji inaendelea kuvuma, chaja sita zinaendelea kuvuta. Na sheria za hifadhi haziruhusu mtu kushuka garini ovyo, kwa hiyo habari ya kusukuma gari ili kulistua, mbele ya simba, haipo.

Hivyo magari hayo hubeba betri ya pili, yenye mabamba mazito yanayostahimili kukamuliwa, na kati yake na ile ya selfu pana rilei inayopima volti. Injini ikiwaka na volti zikapanda juu ya 13.3 hivi, rilei inaziunganisha betri mbili na altaneta inazilisha zote. Injini ikizimwa, volti zikishuka kwenye 12.8, rilei inaachia kwa mlio mdogo chini ya boneti, na kuanzia hapo friji na kamera vinakula chakula chao. Vikikimaliza, soda inapata joto, lakini gari linawaka. Kanuni nzima ni kutenganisha kile alichokiunganisha Kettering mwaka 1911: akiba ya kuwashia na akiba ya starehe.

Upande mwingine wa dunia, tatizo lilikuwa likigeuzwa kichwa chini. Mwaka 2001 Toyota walitoa Japani gari la familia la mseto wa petroli na umeme, Estima Hybrid, lenye soketi ya kawaida ya ukutani, volti 100 na wati 1500. Ilikusudiwa watu wa kambi, wachemshe wali nje ya mji. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na tsunami vikakata umeme wa kaskazini mashariki ya Japani, na Estima hizo zikatumiwa kuendesha vifaa vya waathirika. Mwenye gari anasimama, anachomeka. Betri kubwa ikishuka, injini inajiwasha yenyewe dakika chache, inaijaza, inajizima. Toyota wakaiongeza soketi hiyo kwenye Prius, na mwaka 2012 Nissan wakaanza kuuza mtambo wa kuiwezesha Leaf kulisha nyumba. Februari 2021 Texas ilipoganda na gridi yake kuanguka, wenye malori mapya ya Ford F-150 ya mseto waliwasha taa na vifaa vingine vya nyumba zao kutoka kwenye bodi ya lori. Siku hizohizo, katika jimbo hilohilo, watu waliwasha magari ya kawaida ndani ya gereji zilizofungwa ili wapate joto, na gesi ya kaboni monoksidi ikawaua.

Baadhi ya Estima za namna hiyo zimefika kwetu kwa meli pamoja na mitumba mingine. Soketi ipo, maandishi ya Kijapani yapo, na mara nyingi mwenye gari hana habari nayo. Akiigundua, anakuta inatoa volti 100 wakati blenda yake inataka 230.

Magari haya ya mseto na ya umeme, kwa nguvu zote yanazobeba, hayajaachana na betri ya volti 12. Katika Prius haizungushi injini tena. Kazi hiyo ni ya mota kubwa na betri ya volti 200 hivi. Iliyo ndogo inaamsha kompyuta na kufunga swichi kubwa zinazoiruhusu ile nyingine itoe umeme. Kwa kuwa haihitaji nguvu za selfu, imefanywa ndogo zaidi. Mtu akikaa ndani akisikiliza mpira kwa ACC bila kulifikisha gari kwenye READY, anakamua hii ndogo peke yake, huku ile kubwa ikiwa imejaa na haiwezi kumsaidia. Ikilala, gari zima limelala. Na katika Prius za kizazi cha pili na cha tatu betri hiyo imewekwa nyuma, ndani ya buti, na kufuli ya buti inafunguliwa kwa umeme. Mafundi wanaozifahamu hawahangaiki na buti: hufungua boneti kwa waya wake wa mkono, wakatafuta ndani ya sanduku la fyuzi kifuniko kidogo chekundu, wakabana klipu ya chanya hapo na ya hasi kwenye chuma cha bodi. Taa za dashibodi zikiwaka, unakanyaga breki na kubonyeza kitufe mpaka READY itokee.